Pesa zako au kiwanja chako: sheria ya kawaida na ekwiti bega kwa bega

Muuzaji amekurudishia pesa zako zote, hazikupungua hata shilingi. Anasema ameghairi, katafute kiwanja kingine. Nawe hukutaka pesa. Ulitaka kile kiwanja hasa, kwa sababu kinapakana na kwa mama yako, umeshachimba msingi na tofali zimepangwa pembeni. Kila mtu anakwambia nenda mahakamani. Ushauri mzuri, lakini ukifika huko utaomba nini?

Mahakama zetu zina njia mbili za kulijibu ombi lako, na zote mbili tumezirithi kutoka Uingereza. Ya kwanza ni sheria ya kawaida, ile ambayo mawakili huiita komoni loo: kanuni zilizojengwa na majaji kwa karne nyingi, hukumu juu ya hukumu. Ya pili ni ekwiti. Kenya ilizipokea kama zilivyokuwa Uingereza tarehe 12 Agosti 1897, Uganda 11 Agosti 1902, na Tanganyika 22 Julai 1920. Tarehe za Kenya na Tanganyika bado zimo katika sheria zetu za mahakama, na wakili huzitaja kama mtu anavyotaja siku yake ya kuzaliwa.

Neno ekwiti wengi hulitafsiri kuwa usawa, na hapo msomaji hupotea, kwa sababu usawa humfanya afikirie kugawana nusu kwa nusu. Mimi naona neno la Kiswahili lililo karibu nayo zaidi ni insafu. Mtu mwenye insafu hang'ang'anii haki yake mpaka imuumize mwenzake pasipo sababu, na anajua kwamba jambo linaweza kuwa halali kwenye karatasi na bado likawa dhuluma. Ukilishika neno hilo, umeshika nusu ya somo.

Nusu nyingine ni historia. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, kila eneo lilikuwa bado na mila na mahakama zake. Mfalme Henry wa Pili, aliyetawala kuanzia 1154 hadi 1189, ndiye aliyewatuma majaji wake kuzunguka nchi nzima wakisikiliza kesi kwa jina la mfalme. Polepole hukumu zao zikawa sheria moja kwa wote, na ndiyo maana ikaitwa ya kawaida: ya watu wote, si ya kijiji kimoja. Lakini ili uingie katika mahakama hizo ulihitaji hati ya mfalme, na kila aina ya kesi ilikuwa na hati yake yenye maneno yake. Ukikosea hati, kesi imekufa. Mwaka 1258 makabaila walimbana mfalme hati mpya zisitolewe ovyo. Kuanzia hapo shida mpya za watu zilianza kugonga mlango usiofunguka.

Tazama jambo moja tu lililotokea mara nyingi. Mtu amekopa, na deni limeandikwa kwenye hati yenye muhuri wake. Siku ya kulipa analipa, tena kamili, lakini kwa kumwamini mwenzake hadai ile hati irudishwe wala ichanwe. Mkopeshaji anakwenda nayo mahakamani. Muhuri upo? Upo. Hati ni nzima? Ni nzima. Basi lipa. Mdaiwa analia kwamba ameshalipa, na huenda jaji moyoni anamwamini, lakini kanuni ilisema hati yenye muhuri huvunjwa kwa hati nyingine yenye muhuri, si kwa maneno ya mdomo. Tena katika mahakama zile wenye kesi wenyewe hawakuruhusiwa kutoa ushahidi. Anatoka nje akiwa amelipa deni moja mara mbili, na hakuna hata mmoja aliyevunja sheria.

Mtu kama huyo alimwandikia mfalme, na mfalme aliyapeleka maombi hayo kwa Lodi Chansela, ambaye katika karne zile mara nyingi alikuwa askofu na alihesabiwa kuwa mtunzaji wa dhamiri ya mfalme. Chansela hakuwa na haja ya hati maalumu wala baraza la wazee wa kuamua ukweli. Alimwita mkopeshaji, akamwapisha na kumuuliza uso kwa uso: umelipwa au hukulipwa? Hakuifuta hukumu ya mahakama nyingine. Alimwamuru mtu mwenyewe asiitumie hukumu hiyo, na akikaidi, gerezani. Mpaka leo hiyo ndiyo tofauti ya kwanza ya kuikumbuka. Sheria ya kawaida inatangaza haki ni ya nani. Ekwiti inamshika mtu dhamiri yake na kumwambia fanya hivi, au acha hivi.

Amana nayo ilizaliwa kwa njia hiyo. Mwenye ardhi aliyekuwa akienda vitani aliiandikisha kwa rafiki ili aitunze kwa ajili ya mke na watoto. Mume akifia huko, rafiki anaonyesha karatasi: ardhi ni yangu. Sheria ya kawaida ilimkubalia, maana karatasi ilikuwa na jina lake. Chansela naye hakuikana karatasi. Alisema tu: sawa, ni yako kwa jina, lakini mazao yake ni ya mjane na yatima, na utawapa. Msomaji wa pwani atatambua sura ya wakfu hapa, mali iliyo mikononi mwa mtawalli na faida yake ni ya wengine. Wapo wanazuoni wanaodhani Waingereza waliuona wakfu katika nchi za Kiislamu wakarudi na wazo hilo, na wengine wanapinga. Mimi nasema tu kwamba anayeuelewa wakfu hahitaji kufundishwa amana mara mbili.

Kesi iliyoamua ipi kati ya njia hizi mbili ni kubwa ilihusu viwanja. Chuo cha Magdalene cha Cambridge kilikuwa na ardhi London. Sheria ilivikataza vyuo kuuza ardhi yao, kwa hiyo kikapitisha mauzo kupitia kwa malkia, na mwisho ardhi ikafika kwa kabaila aliyeitwa Earl wa Oxford, ambaye familia yake na wapangaji waliijenga nyumba nyingi. Kisha mkuu mpya wa chuo akadai ardhi irudi: mauzo yalikuwa batili tangu mwanzo. Mahakama ya sheria ya kawaida, chini ya Jaji Mkuu Edward Coke, ikakubali. Batili ni batili. Mwaka 1615 shauri likafika kwa Lodi Chansela Ellesmere. Yeye alirejea Kumbukumbu la Torati, kwamba aliyejenga nyumba ndiye anayestahili kukaa ndani yake, na akaeleza kwamba kazi ya Chansela ni kurekebisha dhamiri za watu palipo na hila na uonevu, na kuulainisha ukali wa sheria. Coke hakukubali mahakama yake ipitwe. Mwaka 1616 Mfalme James wa Kwanza alikata shauri: zikigongana, ekwiti itangulie.

Ushindi huo haukuifanya ekwiti kuwa safi. John Selden, mwanasheria wa wakati huo, alilalamika kwamba kipimo cha ekwiti ni sawa na kupima kitambaa kwa urefu wa mguu wa Chansela aliyepo, na kila Chansela ana mguu wake. Lilikuwa lalamiko la haki. Machansela kama Lodi Nottingham katika karne ya 17 na Lodi Eldon mwanzoni mwa karne ya 19 waliitengenezea kanuni thabiti, mpaka ikageuka kuwa nzito na ya polepole kuliko ile iliyokuja kuilainisha. Hatimaye Bunge likaziunganisha mahakama zote kwa sheria za 1873 na 1875, zilizoanza kazi tarehe 1 Novemba 1875. Tangu hapo jaji mmoja anabeba mizani zote mbili, na kanuni zikipingana, ya ekwiti ndiyo inayoshika.

Hivi ndivyo zilivyofika kwetu: zikiwa ndani ya chumba kimoja. Kwa hiyo huchagui mahakama. Unachagua ombi. Na ombi baya huua kesi nzuri.

Swali la kwanza la kujiuliza ni kama pesa zinatosha. Dawa ya sheria ya kawaida ni fidia. Ukithibitisha kwamba kulikuwa na mkataba, ukavunjwa, nawe ukapata hasara, fidia ni haki yako. Jaji hawezi kukunyima kwa sababu hakupendi. Hesabu yake ni kukuweka pale ambapo ungekuwa kama mkataba ungetimizwa. Uliagiza magunia 100 ya mahindi, hayakuja, ukanunua kwingine kwa bei ya juu: dai ile tofauti. Mahindi ni mahindi. Kwa biashara ya namna hiyo sioni sababu ya mtu kuhangaika na ekwiti. Fidia ni ya haraka, inapimika, na haikuulizi tabia yako.

Kiwanja ni jambo lingine. Mahakama zimeshika tangu zamani kwamba hakuna vipande viwili vya ardhi vilivyo sawa, na kwamba aliyenunua hiki hawezi kuridhishwa na thamani ya kile. Hapo unaomba ekwiti imlazimishe muuzaji atimize mkataba wenyewe. Amri ya zuio nayo inatoka mfuko huohuo, kwa ajili ya mtu anayetaka kubomoa, kuuza au kukata miti kabla kesi haijasikilizwa. Wakenya hufuata vigezo vya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973: uonyeshe kesi yenye dalili ya kushinda, uonyeshe madhara ambayo fidia haiwezi kuyaponya, na jaji akiwa na shaka apime nani ataumia zaidi. Tanzania vigezo vinavyofanana navyo ni vya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969. Angalia kile cha pili. Ukijisahau ukaandika kwenye kiapo chako kwamba hasara yako ni shilingi kadhaa, umejifungia mlango mwenyewe, maana umeshakiri kwamba pesa zinatosha.

Hata hivyo ekwiti haimlazimishi mtu kumtumikia mwingine. Mwaka 1852 mwimbaji Johanna Wagner, aliyekuwa ameahidi kuimba katika ukumbi mmoja tu wa London, alitaka kwenda kuimba kwa mshindani. Mahakama haikumwamuru aimbe. Ilimzuia asiimbe kwingine. Kwa hiyo fundi aliyekuachia nyumba nusu usitarajie jaji amrudishe kwa nguvu. Dai fidia utafute fundi mwingine.

Swali la pili watu hawalipendi: wewe mwenyewe umekuwaje? Sheria ya kawaida haijali. Ekwiti inajali sana, kwa sababu unachoomba ni hiari ya mahakama, na hiari haiporwi. Wanasema ajaye kwa ekwiti aje na mikono safi, na atakaye kutendewa insafu naye atende. Mfano ninaoupenda ni wa mafundi wawili wa Uingereza, mpaka rangi na fundi bomba, waliokuwa na kikampuni kidogo. Walimfanyia mtu kazi ya duka, wakabaki wakidai pauni 482. Miezi ikapita. Mke wa mdaiwa, akijua kwamba wako hoi kifedha, akawaambia: pauni 300 au hamna kitu. Wakachukua, na akawataka watoe risiti iliyoandikwa kwamba hesabu imekwisha. Kisha wakafungua kesi kudai baki.

Hapo zipime njia zote mbili. Sheria ya kawaida, tangu mwaka 1602, inasema kulipa pungufu hakufuti deni hata kama mdai amekubali. Lakini ekwiti ina kanuni kwamba mtu akiahidi kutodai haki yake yote, na mwenzake akaitegemea ahadi hiyo, asiruhusiwe kumgeuka. Jaji Denning wa Uingereza ndiye aliyeifufua kanuni hiyo mwaka 1947 katika kesi ya jengo la fleti za London, ambapo kodi ilikuwa imepunguzwa kutoka pauni 2,500 hadi 1,250 kwa mwaka kwa sababu ya vita. Yule mke wa mdaiwa aliegemea hapohapo. Na Denning huyohuyo, alipoisikiliza kesi ya mafundi mwaka 1965, alimkatalia. Ahadi aliipata kwa kuwabana watu waliokuwa wanazama. Hakuwa na uso wa kuomba insafu. Mafundi wakapata baki yao.

Kwa hiyo kama ulimficha muuzaji jambo, kama wewe ndiye uliyechelewesha malipo ya mwisho, kama bei mliyoandika kwenye mkataba si ile mliyolipana ili kukwepa ushuru, mwambie wakili wako mapema. Fidia huenda bado ikapatikana. Utekelezaji wa mkataba unaweza kukuponyoka.

Na huweza kukuponyoka hata ukiwa msafi, ikiwa amri ingemponda mwenzako. Mwaka 1984 mahakama ya Uingereza ilikataa kumlazimisha mwanamke kuuza nyumba aliyokwisha kubali kuiuza, kwa sababu tangu kusaini alikuwa amepata saratani, amekatwa mguu, amezaa, mume alikuwa gerezani, na maisha yake yalisimama kwa msaada wa ndugu na marafiki wa mtaa ule. Mnunuzi alibakiwa na fidia. Nimewasikia wasomaji wakisema hiyo si haki kwa mnunuzi. Naona ni haki kabisa: alipata thamani yake, na mama hakung'olewa.

Swali la tatu ni muda. Kenya na Tanzania mdai wa mkataba ana miaka 6 na mdai wa ardhi ana miaka 12. Kwa sheria ya kawaida unaweza kuamka siku ya mwisho ukafungua kesi na hakuna wa kukulaumu. Ekwiti inawasaidia walio macho. Katika kazi ya usaidizi wa kisheria nilimpokea mama mmoja aliyekuja na bahasha ya kaki iliyolainika kama kitambaa. Ndani mlikuwa na makubaliano, risiti nne na picha ya jiwe la mpaka. Miaka 5 na kitu ilikuwa imepita tangu muuzaji aanze kumpiga chenga, na ukuta wa mtu mwingine umeshasimama pale. Nilimuuliza kwa nini hakuja mapema. "Nilimwonea haya, mwanangu. Ni jirani." Nilimwelewa mno, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Lakini kwa ekwiti ule uvumilivu ulikuwa usingizi, na wakati yeye amenyamaza wengine walikuwa wanajenga. Tulibaki kuhesabu fidia, mbio mbio, kabla mwaka wa 6 haujaisha.

Lipo pia suala la mtu wa tatu, na hapa ndipo ninapowasihi watu wawe waangalifu kuliko popote. Haki ya sheria ya kawaida inamfunga kila mtu. Haki ya ekwiti inamfunga kila mtu isipokuwa mmoja: aliyenunua kwa nia njema, akalipa, na hakujua wala hakuwa na sababu ya kujua habari zako. Mbele ya huyo dhamiri haina pa kushika, kwa sababu hakufanya kosa.

Na ekwiti ikikutana na sheria ya Bunge? Kanuni ya zamani ni kwamba ekwiti huifuata sheria, haiivunji. Kenya imelipigania jambo hili karibu na sisi. Mauzo ya ardhi ya kilimo yanahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na kikikosekana kwa muda uliowekwa mauzo ni batili. Sheria yenyewe inasema mnunuzi adai pesa zake kama deni. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilisema, katika kesi ya wanunuzi wengi waliokwisha kulipa na kujenga, kwamba muuzaji aliyewaingiza mwenyewe hawezi kujificha nyuma ya kibali asichokiomba; anawashikia ardhi kama amana. Mwaka huohuo majaji wengine wa mahakama hiyohiyo wakashika upande wa pili: batili ni batili. Mwaka 2018 mahakama ikarudi upande wa ekwiti, ikiegemea ibara ya 10 ya Katiba ya 2010, ambayo inaitaja insafu hiyo miongoni mwa maadili ya taifa. Ukizisoma hukumu hizo unawasikia Coke na Ellesmere wakibishana upya, safari hii juu ya shamba la Mkenya.

Sidhani kwamba huku ni kuiga. Mwaka 1955, katika kesi iliyotokana na daraja la Nyali pale Mombasa, Denning huyohuyo alisema sheria ya Kiingereza ni kama mwaloni: ukiupanda Afrika usitarajie ubaki na umbo la kwao, unahitaji kupogolewa na kutunzwa kulingana na udongo. Kenya mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba amana ya kimila, ile ya ardhi ya ukoo iliyoandikishwa kwa jina la mkubwa mmoja, inamfunga mwenye hati hata kama haikuandikwa kwenye rejista. Kaka mkubwa aliyeandikishwa kwa niaba ya wadogo zake, na yule rafiki wa mpiganaji aliyeachiwa mjane na yatima, wameshikwa kwa dhamiri ileile.

Tukirudi kwenye kiwanja chako kilicho jirani na kwa mama. Ningekuwa wewe ningeomba vyote kwa mpangilio: kwanza muuzaji alazimishwe kutimiza mkataba, jaji akiona haifai, basi fidia badala yake. Mahakama ya Chansela iliruhusiwa kutoa fidia tangu 1858, na mawakili wetu huandika maombi kwa namna hiyo kila siku, kwa hiyo asikuambie mtu uchague kimoja uache kingine. Zile pesa alizokurudishia usizile. Ziweke kando na umwandikie kwamba hujazikubali, maana aliyezipokea na kuzitumia atapata tabu kueleza kwamba bado anataka ardhi. Na kabla hujaenda kwa wakili, pitia ofisi ya ardhi uweke zuio kwenye rejista, ili mnunuzi mwingine asije akasema hakujua.